Mteja Asiyekuona Analipia Nini?

Ahadi yenyewe ni tamu, na imerudiwa hadi imekuwa kama dua: fuata unachokipenda, tumia karama zako, na kipato kitakufuata popote utakapokuwa. Picha inayoandamana nayo wengi tunaijua. Kompyuta mpakato mezani, bahari dirishani, hakuna bosi, hakuna foleni ya asubuhi. Sina ugomvi na bahari. Ugomvi wangu ni na jinsi ahadi hii inavyofunga pamoja mambo matatu yasiyo na udugu: kukipenda kitu, kukiweza, na kulipwa na mtu aliye mbali kwa ajili ya kitu hicho. Mtu anaweza kupenda asichokiweza. Anaweza kukiweza asichokipenda. Na anaweza kukipenda na kukiweza kitu ambacho hakuna mtu wa mbali atakayekitolea hata senti moja. Wauzaji wa kozi za kuishi ndoto yako hukaa sana kwenye kupenda, huonja kidogo kuweza, kisha hilo la kulipwa kutoka mbali hulipita mbio.

Nitaanza na hilo wanalolikimbia, kwa sababu naona ndilo linaloamua mengine. Kipato kisichofungwa na mahali hupatikana pale tu mtu asiyekuona wala kukujua anapoweza kuipima kazi yako, akaridhika nayo, akalipa, akarudi. Swali la "unapenda nini?" halijibu hilo. Hata swali la "unaweza nini?" linajibu nusu tu. Swali lenyewe ni hili: katika yale unayoyaweza, ni lipi ambalo mgeni anaweza kulithibitisha wewe ukiwa haupo?

Mwaka 1962, bila intaneti

Wengi hudhani kazi za namna hii zililetwa na intaneti. Mwaka 1962 nchini Uingereza, mtaalamu wa kompyuta Stephanie Shirley alianzisha kampuni ya kuandika programu kwa mtaji wa pauni 6. Aliowaajiri walikuwa wanawake wenye ujuzi ambao soko la ajira liliwapa kisogo mara walipoolewa au kupata watoto. Katika wafanyakazi 300 wa mwanzo, 297 walikuwa wanawake. Walifanyia kazi majumbani mwao. Programu ziliandikwa kwa penseli kwenye karatasi, na maelewano yakapita kwenye simu na posta. Barua za kutafuta wateja alizotia saini kwa jina lake hazikujibiwa. Alipoanza kujiita "Steve", jina la kiume, wakubwa wakaanza kumsikiliza. Simu ilipolia nyumbani aliwasha kanda yenye mlio wa taipureta, ili mteja asisikie kelele za nyumba yenye mtoto. Wanawake hao hao ndio waliokuja kuandika programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde.

Kinachonivutia katika habari hii si ujanja wa jina wala wa kanda. Ni bei. Shirley aliwatajia wateja bei ya kazi nzima badala ya bei ya saa, na mwenyewe ameeleza kwamba alifanya hivyo ili kuficha kuwa watu wake walifanya kazi nyumbani, tena kwa vipande vya muda. Anayelipia saa hutaka kuziona saa zake: nani kaingia, nani katoka, nani kasinzia. Anayelipia programu ana swali moja tu, inafanya kazi au haifanyi. Bei ilipohamia kwenye matokeo, mahali pakapoteza uzito. Mteja hakuhitaji kujua kama mwandishi wa programu alikuwa amevaa suti au nguo za kulalia.

Zipime kazi zote kwa kipimo hicho utaona zinavyojitenga. Mhariri, mfasiri, mhasibu, mchora ramani za majengo, mwandishi wa programu: wote hawa huacha kitu nyuma yao, na kitu hicho kinaweza kukaguliwa bila wao kuwepo. Fundi bomba, muuguzi wa zamu na dereva thamani yao ni kuwepo kwenyewe. Katikati kuna kundi kubwa la walimu, washauri, wasaidizi wa ofisi na makocha ambao kazi yao inaweza kusafiri, ila si katika umbo ililonalo sasa. Mwalimu mzuri darasani anasifiwa kwa sababu wanafunzi wanamwona. Akitaka kufundisha kutoka mbali lazima aseme mwanafunzi ataweza kufanya nini mwishoni ambacho hakukiweza mwanzoni, na hilo lionekane. Wengi wa kundi hili hushindwa si kwa sababu hawana kipaji, ila kwa sababu wanaendelea kuuza uwepo wao kwa watu ambao hawataonana nao kamwe.

Shauku na soko lililojaa

Sasa tuje kwenye kupenda. Mwanasaikolojia Robert Vallerand na wenzake waliwauliza wanafunzi zaidi ya 500 wa chuo nchini Kanada kuhusu mambo wanayoyapenda kwa dhati, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Wengi sana walikuwa nayo. Lakini yaliyotajwa yalikuwa hasa michezo, muziki, dansi na mengine ya jamii hiyo. Masomo na kazi yalitajwa na wachache mno. Sioni ajabu. Tunachokipenda kwa kawaida ni kile kilichotufurahisha bila mtu kutudai chochote, na mambo ya namna hiyo si mengi. Ndiyo maana watu milioni wakiambiwa wafuate shauku zao hawatawanyiki. Wanakutana wote mlango mmoja: kupiga picha, kuimba, kuandika kuhusu safari, kufundisha mazoezi ya mwili.

Na soko la mambo hayo lina tabia yake mbaya. Mwaka 1981 mwanauchumi Sherwin Rosen alieleza kwa nini fani fulani huwapa wachache karibu kila kitu. Teknolojia inapomwezesha mtu mmoja kuwahudumia watu wengi kwa gharama ile ile, hakuna sababu ya msikilizaji kumchagua mwimbaji wa daraja la pili, hata kama tofauti yao ni ya unywele. Tofauti ndogo ya kipaji inazaa tofauti kubwa ya kipato. Rosen aliandika enzi za kanda na televisheni, na mtandao ukaja kulifanya jambo hilo kuwa kali zaidi.

Bora basi ingekuwa ni kipaji peke yake kinachoamua. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts waliijaribu imani ya aina hiyo, wakachapisha mwaka 2006. Waliwaalika watu zaidi ya 14,000 kusikiliza nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Baadhi ya wasikilizaji hawakuonyeshwa wenzao walichagua nini. Wengine waligawanywa katika makundi yaliyojitenga, kila kundi likiona hesabu zake lenyewe. Wimbo ulioongoza kundi moja uliweza kuwa wa kawaida tu katika kundi jingine. Nyimbo bora kabisa ziliharibikiwa mara chache, na zile mbaya kabisa zilifaulu mara chache. Katikati, chochote kiliwezekana. Kumbuka kwamba wengi wetu tuko huko katikati.

Kuna hesabu moja maarufu inayowapa watu moyo. Mwaka 2008 mwandishi wa Marekani Kevin Kelly alitoa hoja kwamba msanii hahitaji mamilioni ya wafuasi. Wanamtosha 1,000 wa kweli, kila mmoja akitoa dola 100 kwa mwaka, nayo ni dola 100,000. Hesabu haina kasoro. Tatizo ni namna inavyosomwa. YouTube ilianza mwaka 2018 kudai watu 1,000 waliojisajili pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka kabla mtu hajaanza kugawiwa mapato ya matangazo. Wapo wanaofika 1,000 hiyo wakadhani wamefika ile ya Kelly, na baina ya aliyebonyeza kitufe na anayetoa dola 100 kila mwaka pana umbali ambao wengi hawaumalizi.

Halafu kuna hasara isiyoandikwa kwenye hesabu. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio lililofanywa kwenye shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford. Watoto waliokuwa wakipenda kuchora waligawanywa. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe kama wangechora, baadhi walipewa cheti bila kuahidiwa, baadhi hawakupewa kitu. Siku kadhaa baadaye waliachwa wachague mchezo wautakao, na wale walioahidiwa walichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Simwambii mtu mzima kwamba malipo yatamchukiza kazi yake. Watu wazima wana watoto wa kulisha, nao ni motisha wa kutosha. Lakini yeyote aliyegeuza burudani yake kuwa ankara anajua kinachotokea. Mpiga picha aliyependa mwanga wa jioni anajikuta akipiga viatu 200 juu ya karatasi nyeupe, kila kiatu kutoka pembe ile ile, kwa sababu ndicho mteja alichoagiza.

Shauku basi ina kazi gani? Ipo, na si ndogo: inakuvusha ile miezi mirefu ya kuwa mbovu. Hakuna anayekuwa mhariri hodari bila kuhariri maandishi mengi ya kuchosha, na mtu asiyejali lugha hata kidogo hataimaliza safari hiyo. Ila hata hapa tunakosea mpangilio. Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walionyesha mwaka 2018 kwamba watu wanaoamini shauku ni kitu kilichojificha mahali kikisubiri kugunduliwa hulegea haraka mambo yanapokuwa magumu, kwa sababu ugumu wanausoma kama ishara kwamba hii siyo yenyewe. Wanaoamini kwamba shauku hukuzwa huendelea. Nimewaona wahasibu wakizungumzia vitabu vya hesabu kwa macho yanayong'aa, na sidhani hata mmoja wao alizaliwa akiota mizania. Walianza kuiweza kazi, kisha ikaanza kuwapendeza.

Kujua unachokiweza

Watu wengi hudhani wanajua wanachokiweza, na Peter Drucker, bingwa wa mambo ya uongozi, aliandika mwaka 1999 kwamba kwa kawaida wanakosea. Dawa yake ilikuwa rahisi kiasi cha kudharaulika. Kila unapofanya uamuzi mkubwa, andika unachotarajia kitokee. Baada ya miezi 9 hadi 12, linganisha na kilichotokea. Ukifanya hivyo kwa miaka miwili mitatu utaona mahali ambapo matarajio yako hutimia na mahali ambapo unajidanganya. Naipenda mbinu hii kuliko madodoso ya kupima karama yanayokurudishia majina mazuri kama "mwenye maono" au "mjenga mahusiano". Jina linapendeza, lakini hakuna mteja anayeagiza maono.

Nitaongeza kipimo changu, ambacho hakina utafiti nyuma yake. Uwezo wa kweli mara nyingi hauna maajabu machoni pa mwenyewe. Ni kile watu wanachokuletea bila wewe kujitangaza: "hebu nisomee barua hii kabla sijaituma", "hebu niangalizie hii jedwali mbona haijumlishi". Unaifanya kwa dakika 10 huku ukishangaa kwa nini wenzako iliwachukua siku nzima. Kwa sababu haikukuumiza, unaona haina thamani, unaiacha na kwenda kutafuta thamani kwenye gitaa. Hapo ndipo ningemshika mtu mkono.

Imani ya kukopa

Tuseme umeupata uwezo huo, na ni wa aina inayopimika kutoka mbali. Bado hakuna anayekujua. Ugumu huu wa mwanzo una utafiti mzuri sana, ambao ningependa usomwe na kila anayetaka kuanza. Mwanauchumi Amanda Pallais, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2014, aliingia kwenye oDesk, jukwaa la mtandaoni la kutafutia vibarua, na kuwaajiri watu 952 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wafanye kazi ndogo ya kuingiza takwimu kwa saa 10, kisha akawaandikia tathmini. Wasio na historia yoyote kabla ya hapo walipata kazi zaidi na kipato zaidi katika wiki zilizofuata kuliko wenzao walioomba kazi hiyo hiyo wakakosa. Ujuzi wao haukuongezeka kwa saa 10 za kuchapa tarakimu. Kilichobadilika ni kwamba sasa palikuwa na mtu aliyeandika neno juu yao.

Ukilielewa hilo utaelewa pia unacholipia unapokatwa kamisheni. Fiverr, jukwaa jingine la aina hiyo lililoanza mwaka 2010, hubaki na 20% ya malipo ya muuzaji. Upwork, iliyotokana na kuungana kwa Elance na oDesk, ilikuwa ikikata 20% kwenye dola 500 za kwanza kutoka kwa kila mteja, mwaka 2023 ikahamia kwenye 10% kwa wote, kisha mwaka 2025 ikaanza kukata kiwango kinachobadilika kati ya 0% na 15%. Watu hulalamika kwamba ni unyonyaji. Mimi naona ni riba. Umekopeshwa imani ambayo huna, unailipia.

Ubaya wa mkopo huu uko kwingine. Nyota zako tano haziendi nawe ukihama. Tathmini 80 ulizochuma kwenye jukwaa moja hazina hamisho kwenda jingine, na akaunti ikifungwa kwa kosa la kweli au la kusingiziwa, unarudi kuwa mtu asiyejulikana. Mtu aliyekimbia kufungwa na jengo anajikuta amefungwa na tovuti, tena tovuti isiyo na mwenye nyumba wa kugongewa mlango. Ndiyo maana ningeshauri kila kazi iliyokamilika iache kitu ambacho ni mali yako: barua ya mteja yenye jina lake, sampuli uliyoruhusiwa kuionyesha, maelezo mafupi ya tatizo lilivyokuwa na ulivyolitatua. Vitu hivi vinaonekana vya kizamani, na vinasafiri.

Idadi ya washindani nayo si ya kuchezea. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2023, ilikadiria kwamba wanaofanya kazi za vibarua mtandaoni ni kati ya milioni 154 na milioni 435. Upana wa makadirio hayo unakuonyesha jinsi watu hawa walivyo wagumu kuhesabika. Alan Blinder, aliyewahi kuwa makamu mwenyekiti wa Benki Kuu ya Marekani, alionya mwaka 2006 kwamba mgawanyiko mkubwa wa kazi ujao hautakuwa kati ya wasomi na wasio wasomi, bali kati ya huduma zinazoweza kupita kwenye waya bila kupoteza ubora na zile zisizoweza. Kazi unayoweza kuifanya kutoka popote inaweza kufanywa na yeyote kutoka popote. Wanaohubiri uhuru wa mahali hutaja nusu ya kwanza ya sentensi hiyo.

Hapa hoja yangu mwenyewe inaanza kuniuma, na sitaki kuificha. Nimesema kazi inayofaa ni ile inayopimika kutoka mbali. ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, kazi zilizoguswa mapema ni hizo hizo zilizopimika vizuri: kuandika makala kwa idadi ya maneno, kuhakiki tahajia, kutafsiri. Xiang Hui, Oren Reshef na Luofeng Zhou walifuatilia wafanyakazi huru kwenye Upwork na kukuta kwamba wale wa fani zilizoguswa walipungukiwa kazi za mwezi kwa 2% na kipato cha mwezi kwa 5.2%. Kilichonishtua zaidi si asilimia, kwa kuwa ni ndogo. Ni kwamba kuwa na sifa nzuri hakukuwakinga. Waliokuwa na historia bora waliguswa sawa na wengine. Kumbe kazi ikishaelezwa kwa usahihi kiasi kwamba mgeni yeyote anaweza kuikagua, imeelezwa pia kwa usahihi kiasi kwamba mashine inaweza kuijaribu.

Siiondoi hoja, ila lazima niisogeze. Kupimika kunahitajika, na hakutoshi. Kinachobaki kwa binadamu ni hatua mbili, moja kabla ya kipimo na moja baada yake. Kabla ya kipimo kuna kazi ya kumsaidia mteja kujua anachotaka, maana wengi huja na agizo lisilo sahihi. Anayeomba "tovuti nzuri" mara nyingi anahitaji wateja wake waache kumpigia simu kuuliza swali lile lile. Baada ya kipimo kuna kubeba lawama. Mhasibu anatia saini. Mfasiri wa mkataba anasimama nyuma ya kila kifungu. Programu ya akili mnemba haishitakiwi, wala haikosi usingizi kwa sababu tarakimu imekaa vibaya. Mteja aliye mbali yuko tayari kulipa, na kulipa vizuri, ili usingizi huo umkose mtu mwingine. Na ni hapo, nikiri, kupenda kazi kunarudi na uzito wake wote, kwa sababu ni vigumu kubeba lawama ya kitu usichokijali.

Mahali hapafi

Jambo jingine linalosemwa kwa wepesi mno ni "popote". Paul Erdős, mwanahisabati wa Hungary aliyefariki mwaka 1996, huenda ndiye mtu aliyelikaribia zaidi neno hilo. Hakuwa na nyumba wala kazi ya kudumu. Alisafiri na sanduku, akibisha hodi kwa wanahisabati wenzake, akafikisha takriban maandiko 1,500 ya kitaaluma pamoja na washirika zaidi ya 500. Alifuata shauku yake na karama yake hadi mwisho wa dunia. Lakini nyuma yake alikuwepo mwanahisabati mwingine, Ronald Graham, aliyemtunzia fedha, barua na hundi zake na kumtengea chumba nyumbani kwake. Uhuru wa Erdős ulikuwa na anwani. Ilikuwa ya mtu mwingine tu.

Sisi wengine anwani hiyo tunaibeba wenyewe. Nchi nyingi huanza kumhesabu mtu kuwa mkazi wa kodi akifikisha siku 183 ndani ya mwaka, na Marekani humdai raia wake kodi popote alipo. Zipo nchi ambako huduma kama PayPal humruhusu mwenye akaunti kulipa lakini si kupokea, kwa hiyo mtu anaweza kufanya kazi nzuri na bado akaanza kutafuta njia za mzunguko za kuifikia fedha yake, kila njia ikiwa na makato. Viza za wafanyakazi wa mbali zilizochipuka tangu mwaka 2020, Estonia na Barbados zikiwa miongoni mwa za mwanzo, zinapendeza kwenye matangazo, lakini ya Barbados humtaka mwombaji athibitishe kipato cha angalau dola 50,000 kwa mwaka. Ni mlango kwa aliyekwisha kufika. Anayeanza hana la kufanya nao, na asipoteze jioni zake kulinganisha fukwe.

Kama ni kuanza, basi taratibu. Joseph Raffiee na Jie Feng walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa watu nchini Marekani walioanzisha shughuli zao wenyewe, wakagundua kwamba walioanza huku wakiendelea na ajira, kisha ndipo wakahamia kikamilifu, walikuwa na uwezekano wa kushindwa mdogo kwa takriban theluthi moja kuliko walioruka moja kwa moja. Hili linapingana na hadithi za kuchoma mashua ili usiweze kurudi, ambazo kusema kweli husimuliwa na waliovuka tu.

Chukua muuguzi anayependa kupiga picha na anayetaka kuondokana na zamu. Ushauri wa kawaida utampeleka kwenye picha, aingie foleni ileile ya Rosen. Mimi ningemuuliza ni nini wenzake humletea. Tuseme humletea taarifa za zamu awasaidie kuziandika, kwa sababu zake husomeka na hazisahau kitu. Huo ni uwezo, tena adimu: kumweleza mtu aliyechoka jambo la hatari kwa maneno machache yasiyokosewa. Watengenezaji wa mafunzo ya afya, kampuni za vifaa vya hospitali na wachapishaji wa miongozo ya wagonjwa wanauhitaji, wanaweza kuukagua wakiwa mbali, na jina la muuguzi aliyesajiliwa kwenye ukurasa linabeba dhamana ambayo mashine haina. Aanze na mwongozo mmoja, kwa bei ya kazi nzima, baada ya zamu. Mteja wa kwanza anaweza kuwa bahati. Akirudi huyo huyo na kazi ya pili bila kukumbushwa, na mteja mwingine akaja kwa kuelekezwa na yeye nje ya jukwaa lolote, hapo tayari kuna kipato kinachoweza kuhamishwa, na mazungumzo ya kupunguza zamu yanaweza kuanza. Picha aendelee kuzipiga jioni, bila kumtumia mtu ankara.